Mnyauko wa migomba: uvumi wa Busia na Bungoma, na ukweli wake

"Udongo umechoka." Ukikuta migomba imenyauka kule Teso, hilo ndilo utakaloambiwa kwanza, la pili ni jicho baya la jirani. Kumbe ni bakteria. Wanasayansi waliwatambua bakteria hao mwaka 1968 nchini Ethiopia kwenye ensete, mmea wa ukoo mmoja na mgomba. Mwaka 2001 ugonjwa ukaonekana Uganda, na kufikia 2006 ulikuwa umeingia magharibi mwa Kenya. Udongo hauna kosa, maana bakteria hao hawadumu sana ardhini: safisha shamba, lima maharage kwa miezi sita hivi, kisha panda migomba tena.

Kuutambua si kazi. Mkungu huiva kabla ya wakati, na ukipasua ndizi unakuta madoa ya kahawia ndani. Kata shina usubiri dakika chache, utaona usaha wa manjano ukichuruzika.

"Unaletwa na upepo." Mwenezaji mkubwa ni panga. Umekatia ng'ombe majani kwenye mgomba mgonjwa, panga lile lile likaingia kwa mzima. Nyuki na wadudu wengine nao hubeba usaha kutoka kwenye lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Chane ya mwisho ikishatoka, livunje kwa kijiti chenye panda, usiliguse kwa chuma. Panga lichome motoni au lioshe kwa jiki. Ni kazi ndogo, lakini nani huikumbuka akiwa ameazima panga na mwenyewe analidai?

"Shina moja likinyauka, ng'oa kundi zima." Hivyo ndivyo wakulima walivyofundishwa mwanzoni, na wengi walikata tamaa, kwa haki kabisa. Baadaye utafiti ulionyesha kwamba bakteria hawafiki kwenye kila chipukizi. Kata lile shina gonjwa tu, usawa wa ardhi, na ulikate kila unapoliona jingine.

"Miche ya maabara ni GMO, yaani imebadilishwa jeni, tena haiugui." Yote mawili si kweli. Ncha ya chipukizi hukuzwa ndani ya chupa, jeni haziguswi. Chuo Kikuu cha JKUAT kimeizalisha kwa miaka mingi. Inakuja bila fukusi wala minyoo ya mizizi, lakini panga chafu huiambukiza kama mgomba mwingine wowote. Na miezi ya kwanza inataka maji na samadi ya kutosha, kuliko chipukizi la kuchimbua kwa jirani.