Maana ya kuhifadhi injini ya ndege ndogo

Kuhifadhi injini ni kuikinga na kutu katika kipindi ambacho ndege hairuki. Wenye ndege wengi huamini kwamba injini isiyowashwa imepumzika, kumbe injini ya pistoni huweza kuharibika zaidi ikiwa imesimama kuliko ikiwa kazini.

Adui ni maji. Petroli inapoungua hutoa mvuke, na sehemu ya mvuke huo hupenya kandokando ya pistoni na kuingia kwenye oili, ambako pamoja na masalia ya mwako huzalisha asidi. Katika injini nyingi za Lycoming, kampuni ya Marekani inayotengeneza injini za ndege, kamshafti (mhimili unaofungua vali) iko juu ya krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni). Ndege ikikaa muda mrefu, oili huchuruzika chini na chuma cha kamshafti hubaki wazi. Kutu huchimba vijishimo vidogo mno, lakini injini ikiwashwa vijishimo hivyo husaga tapeti, yaani vipande vinavyosukumwa na kamshafti, mpaka chembe za chuma zionekane kwenye chujio.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini jambo hili halina mzaha. Asubuhi ya Juni pale uwanja wa ndege wa Nduli, Iringa, umande hutiririka juu ya mabawa, na kifuniko cha kujazia oili cha ndege iliyokaa huweza kukutwa na utando mweupe kama maziwa. Hayo ni maji.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na desturi ya kuiwasha injini dakika kumi kila wiki bila kuruka, kwa sababu hutengeneza mvuke mpya bila kuleta joto la kuutoa. Kuzungusha rafadha (propela) kwa mkono nako hupangusa oili kidogo iliyosalia, tena injini inaweza kuwaka ghafla na kumjeruhi mtu. Mwongozo wa Lycoming unataka ndege iruke walau saa moja mfululizo kila siku 30, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi.

Isipowezekana, fundi hubadilisha oili na kuweka ile maalumu ya kuhifadhia, hunyunyizia ndani ya silinda, huziba ekzosi na njia ya hewa, kisha mahali pa plagi hufunga vizibo vyenye silika jeli ya buluu, chembechembe zinazofyonza unyevu. Vizibo hivyo vikaguliwe mara kwa mara: vikigeuka rangi ya waridi, vimeshajaa unyevu na vinapaswa kubadilishwa.