Lita tisa kwa siku: fuata maji, uuelewe utumbo

Mtu mzima mwenye afya hupata maji kama lita mbili kwa siku, ukijumlisha anayokunywa na yaliyomo ndani ya chakula. Lakini siku hiyo hiyo njia yake ya chakula hupitisha lita tisa hivi. Hizo saba za ziada hazikutoka kwenye glasi wala kwenye sufuria. Mwili wenyewe umezichota kwenye damu na kuzimimina humo: mate, majimaji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho, na yale yanayotoka kwenye kuta za utumbo. Kinachotoka chooni mwisho wa siku ni mililita 100 hadi 200 tu. Mengine yote yamesharudi kwenye damu.

Shuleni wengi wetu tulikariri viungo kwa mpangilio wake: mdomo, umio, tumbo, utumbo mdogo, utumbo mpana. Mpangilio huo ni sahihi, ila mtu anaweza kuukariri wote na bado asielewe kwa nini mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi anafikishwa hospitali jioni akiwa mahututi kwa kuhara. Sisi tunaofundisha somo hili tunapaswa kulieleza vizuri zaidi, kwa sababu tiba ya mtoto huyo iko jikoni na kwenye duka la dawa lililo karibu, na mzazi anayejua utumbo unavyofanya kazi haitilii shaka.

Mdomoni na tumboni

Tuchukue mlo wa ugali na maharage. Tonge halijafika mdomoni, tezi za mate zimeshaanza kazi: jozi moja iko mbele ya masikio, nyingine chini ya taya, nyingine chini ya ulimi. Kwa siku hutoa mate lita moja hadi moja na nusu. Ndani yake mna kimeng'enya cha amilesi kinachoanza kuvunja wanga, ndiyo maana ugali ukitafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa mtamu. Ukimeza, kidakatonge hufunika njia ya hewa na tonge huingia kwenye umio, mrija wa misuli wenye urefu wa sentimita 25 hivi. Misuli hiyo hubana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, hivyo hata mtu aliyelala chali anameza bila shida.

Tumbo huongeza lita mbili hivi za majimaji yenye asidi kali. Asidi hiyo hufungua njia ya kuvunja protini za maharage, na huua sehemu kubwa ya vijidudu vilivyomezwa pamoja na chakula. Bakteria wa kipindupindu ni dhaifu sana mbele ya asidi, na mtu mwenye asidi ya kutosha huhitaji kumeza bakteria wengi mno ndipo augue. Hili liwafikie wale wanaonunua dawa za kupunguza asidi na kuzimeza miezi na miezi bila kumwona daktari: wanapunguza maumivu, na pia wanapunguza ulinzi.

Watu wengi huamini kwamba chakula huingia mwilini kikiwa tumboni. Tumbo hukoroga, husaga, hutunza, kisha hupitisha uji mzito kidogo kidogo kwenda mbele. Kufyonza hufyonza kidogo sana. Mtu anaweza kuondolewa sehemu kubwa ya tumbo kwa upasuaji na akaendelea kuishi. Akipoteza utumbo mdogo wote, hawezi kuishi kwa kula. Atalishwa kwa mishipa ya damu.

Utumbo mdogo

Sehemu ya kwanza ya utumbo mdogo, duodeno, ina sentimita 25 hivi tu, lakini hapo ndipo nyongo kutoka kwenye ini na maji ya kongosho hukutana na chakula. Kongosho hutoa lita moja na nusu kwa siku, maji yenye magadi ya kutuliza asidi ya tumbo na vimeng'enya vya kuvunja wanga, protini na mafuta. Nyongo huyagawa mafuta kuwa matone madogo ili vimeng'enya viyafikie. Kutoka hapo mbele, mita kadhaa za utumbo uliojikunja zinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kumaliza kuvunja na kufyonza.

Ukiutazama ukuta wake wa ndani kwa darubini, haulingani hata kidogo na mrija laini unaochorwa vitabuni. Una mikunjo, na juu ya mikunjo umejaa vijinyama vilivyosimama wima, virefu kwa nusu milimita hadi milimita moja, vinavyoitwa vili. Kila seli iliyo juu ya vili nayo ina nywele ndogo zaidi upande unaotazama chakula. Mwaka 2014 wataalamu wa Sweden walipima upya eneo lote la ukuta wa njia ya chakula wakapata mita za mraba 32 hivi, sehemu kubwa ikiwa ya utumbo mdogo. Ni pungufu sana kuliko makadirio yaliyorudiwa kwa miaka mingi, ila bado ni ukubwa wa sebule nzuri ndani ya mwili wa mtu mmoja.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mzazi alishike. Seli za utumbo huzaliwa chini, kwenye vishimo vilivyo kati ya vili, kisha hupanda taratibu hadi kileleni, hufyonza, huchoka na kudondoka. Safari hiyo huchukua siku tatu hadi tano tu. Zile za vishimoni kazi yake kubwa ni kutoa maji. Zile za kileleni kazi yake ni kuyarudisha. Afya ya utumbo inategemea mizani ya makundi haya mawili, na ugonjwa wowote wa kuhara umeiharibu mizani hiyo kwa namna fulani.

Maji yenyewe hayana nguvu ya kujivusha. Hufuata chumvi na sukari. Kwenye kuta za seli za kileleni kuna mlango mmoja ambao hufunguka pale tu sodiamu ya chumvi na glukosi ya sukari zinapofika pamoja. Zikiingia, maji yanazifuata. Mwanasayansi Robert Crane aliueleza mlango huu mwaka 1960 katika mkutano wa kisayansi mjini Prague, na wakati ule ilionekana ni habari ya maabara tu.

Utumbo mpana, wenye mita moja na nusu hivi, hupokea lita moja na ushei iliyobaki na kuikausha hadi iwe kinyesi. Ukichelewesha haja kila mara, unaendelea kukausha, na choo kinakuwa kigumu. Nyuzinyuzi za mboga, matunda na unga wa dona hushikilia maji humo na kurahisisha mambo. Bakteria wengi huishi huko, hula mabaki tuliyoshindwa kuyavunja, na kwa maharage malipo yake ni gesi. Hakuna ubaya.

Mizani inapoharibika

Bakteria wa kipindupindu hawaharibu ukuta wa utumbo. Hushika juu yake na kutoa sumu inayoziamuru seli kuachia kloridi, sehemu ya pili ya chumvi, bila kikomo. Sodiamu huifuata kloridi, na maji huzifuata zote mbili. Mtu mzima anaweza kupoteza hata lita nzima kwa saa, choo cheupe mithili ya maji yaliyooshewa mchele. Sehemu ya maji ya damu ya mtu mzima ni lita tatu hivi. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini kipindupindu huua ndani ya saa chache. Mtoto wa kilo 10 ana damu yote isiyozidi mililita 800 au hapo karibu, kwa hiyo muda wake ni mfupi zaidi.

Virusi vya rota hufanya kinyume: huua seli za kileleni zenyewe, kazi ya kurudisha maji ikadorora. Tanzania iliingiza chanjo ya rota kwenye ratiba ya watoto mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014. Hutolewa kwa matone mdomoni katika wiki za mwanzo za maisha, na ikichelewa sana muda wake hupita, kwa hiyo tarehe ya kliniki isiahirishwe.

Sumu ya kipindupindu huvuruga mambo mengi, lakini ule mlango wa sodiamu na glukosi haiugusi. Unabaki ukifanya kazi hata mgonjwa anapoharisha kama bomba. Na kwenye rota, seli zinazosalia bado zinao. Madaktari waliokuwa Dhaka, Bangladesh ya leo, mwaka 1968 walionyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu akinywa maji yenye chumvi na glukosi kwa kipimo, maji yanaingia mwilini mengi kuliko yanavyotoka, na dripu inahitajika kidogo tu. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipojaa kwenye kambi za mpakani India na dripu zikaisha, daktari Dilip Mahalanabis aliagiza mchanganyiko huo ugawiwe kwa vikombe, ndugu wa wagonjwa wakiwanywesha wenyewe. Vifo, vilivyokuwa vimefikia karibu asilimia 30, vilishuka hadi chini ya asilimia 4.

Goma, mashariki mwa Kongo, Julai 1994, tuliona upande wa pili. Wakimbizi kutoka Rwanda walivuka kwa mamia ya maelfu, maji safi hayakuwepo, na katika mwezi wa kwanza wapatao 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Elimu ya kuwaokoa ilikuwa na zaidi ya miaka 20. Maji safi, mikono ya kutosha na vikombe havikuwafikia kwa wakati.

Kuchanganya na kunywesha

Pakiti ya kawaida ya ORS, yaani unga wa mchanganyiko huo wa chumvi na glukosi, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani ina glukosi gramu 13.5, chumvi gramu 2.6, sitreti ya sodiamu gramu 2.9 na kloridi ya potasiamu gramu 1.5, kwa lita moja ya maji. Zipo pia pakiti ndogo za nusu lita, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kuchana. Pakiti yote iingie kwenye maji yote. Kosa tunalokutana nalo mara nyingi ni kumimina unga kidogo kwenye kikombe kwa kukisia na kuhifadhi uliobaki. Mchanganyiko mzito huvuta maji kutoka kwenye damu kuyaingiza utumboni, na mtoto huharisha zaidi. Mwepesi mno haufungui mlango ipasavyo. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, usiyachemshe tena baada ya kuchanganya, na yakifika saa 24 yamwage.

Pakiti ikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kwenye lita moja ya maji safi vitasaidia wakati unatafuta pakiti. Uji mwepesi wa mchele wenye chumvi kidogo nao unafaa, kwa sababu wanga huachia glukosi polepole.

Soda na juisi za paketi zina sukari nyingi na chumvi kidogo mno, na sukari isiyofyonzwa huburuta maji kuelekea chooni. Ni kanuni ile ile inayomsumbua mtu mzima ambaye mwili wake umeacha kutengeneza kimeng'enya cha sukari ya maziwa: maziwa mabichi humvuruga tumbo, ilhali mgando humkalia vizuri zaidi kwa kuwa bakteria wameshaipunguza sukari ile. Madafu yana potasiamu nyingi na sodiamu haba. Mpe mtoto kama kinywaji, yasichukue nafasi ya ORS.

Mtoto chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, na mkubwa kidogo mililita 100 hadi 200. Mpe kwa kijiko, kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika kumi uanze tena taratibu zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya, anayekula aendelee kula, maana seli mpya zinazopanda kwenye vili hujengwa kwa chakula. Zinki husaidia ujenzi huo: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi sita na zaidi, miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Dawa za kufunga kuharisha mtoto asipewe. Zinazuia utumbo kusukuma, maji yanaendelea kumwagika ndani mahali usipoyaona.

Usitegemee ORS ikomeshe kuharisha siku hiyo hiyo. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi wakati utumbo unajitengeneza, na akina mama wengi huiacha siku ya pili wakidhani imeshindwa.

Finya ngozi ya tumbo la mtoto kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha iachie. Ikikawia kurudi, macho yakiwa yameingia ndani, au analia bila machozi, amepungukiwa maji: mpeleke kituo cha afya. Akiwa mlegevu kiasi cha kutoamka vizuri, ameshindwa kunywa, anatapika kila anachopewa, au choo kina damu, mpeleke bila kusubiri. Njiani, akiwa macho na anaweza kumeza, beba kikombe na kijiko, uendelee kumnywesha hadi mlango wa kituo.