Dawa inavyong'ang'ania nyuzi za karatasi

Chovya kipande cha gazeti lililofungiwa viazi karai kwenye glasi ya maji, kisha kivute: kinakatika. Kipakiti cha majani ya chai, chembamba vilevile, kinavumilia maji ya moto. Vyote viwili ni nyuzi za mimea. Kilichotofautiana hasa ni dawa zilizotiwa kiwandani.

Zinashikaje? Rojo la nyuzi na maji linapoingia kwenye mashine ya karatasi, zaidi ya asilimia 99 yake ni maji, na maji hayo huchujwa kwa kasi kupitia wavu. Dawa isiyoshika huondoka nayo.

Siri ni chaji ya umeme: hasi na chanya huvutana, zinazofanana husukumana. Nyuzi za mti zikiwa majini huwa na chaji hasi, kwa sababu zina vikundi vya asidi, hasa kwenye hemiselulosi, mojawapo ya viambata vya nyuzi. Wanga wa kawaida wa mahindi au muhogo hauvutwi sana nazo. Ndiyo maana viwanda hutumia wanga uliopewa chaji chanya, aghalabu kilo 5 hadi 15 kwa tani ya nyuzi. Ukizidisha, nyuzi hushiba, chaji yake hugeuka, na wanga unaofuata husukumwa.

Shabu, hiihii tunayotilia maji ya tope yatulie, ina kisa kirefu zaidi. Mjerumani Moritz Friedrich Illig alieleza mwaka 1807 jinsi ya kuitumia kugandisha utomvu wa msonobari juu ya nyuzi, ili wino usisambae. Ilifaa, lakini iliacha asidi, na asidi hukata polepole selulosi, kiambata kikuu cha nyuzi. Faili nyingi kuukuu zinamomonyoka kwa sababu hiyo.

Dawa inayokipa kipakiti cha chai uvumilivu ni rezini, aina ya gundi, nayo huvutwa kwa chaji kwanza. Joto la kukaushia ndilo huifunga, yenyewe kwa yenyewe na kwa nyuzi, kwa vifungo visivyovunjwa na maji upesi. Gazeti linategemea vifungo vya haidrojeni, mivutano dhaifu kati ya nyuzi, ambavyo maji huviachanisha.

Sasa nyinyi wa Kisauni na Likoni, Mombasa, mnaotaka kutengeneza kadi kwa karatasi chakavu: angalieni maji. Visima vingi vya Pwani vina chumvi, na chumvi huzifunika chaji za nyuzi, wanga ukakosa pa kushika. Kalisi ya mawe ya matumbawe huzifunika zaidi kuliko sodiamu ya chumvi. Tumieni maji ya mvua, wanga mtie mwishoni, na mkoroge taratibu. Ukipiga kwa nguvu, vilivyoshikana vitaachana.