Masjala ndogo pale mlangoni

Bahasha ya kaki iliyokuwa na orodha ya mishahara ya mteja wangu niliikuta imejalidi daftari la Hisabati la binti yangu wa darasa la tatu. Ilikuwa tarehe 5, na makato ya kodi ya mishahara mwisho wake kupelekwa ni tarehe 7. "Mama, si ilikuwa mezani?" aliniuliza, na hakukosea. Meza hiyo ndiyo ya chakula, ndiyo anayofanyia kazi zake za shule, na tangu nianze kufanyia kazi nyumbani hapa Tabata, ndiyo ofisi yangu. Karatasi za ndani tulizipata usiku, kwenye rundo la magazeti ya kufungia maandazi.

Kitaaluma mimi ni mtunza kumbukumbu. Nimekaa masjala, ile ofisi inayopokea barua na kutunza majalada, miaka mingi, na sasa wenye biashara ndogo huniita niwapangie nyaraka zao. Kinachoniuma ni kwamba niliyajua yote na sikuyaleta nyumbani.

Masjala ina sheria moja inayobeba nyingine zote: karatasi haifiki kwa ofisa bila kupita pale. Barua inapokelewa, inagongwa muhuri wa tarehe, inaandikwa kwenye rejista, inapewa namba ya folio, yaani namba yake ya mfuatano ndani ya jalada, na kutiwa humo, ndipo inapelekwa kwa mhusika. Wengi wanaoniita wameshanunua makabati. Kabati halisaidii kitu iwapo karatasi nyingine inalala mfukoni mwa baba, nyingine kwenye begi la mtoto, nyingine juu ya friji. Anza na pa kuingilia.

Kwetu ni kikapu cha ukili kando ya viatu. Bili ya maji, barua ya shule, risiti, mkataba wa mteja, vyote vinaishia humo, aingie nani. Jumamosi asubuhi kabla ya kwenda sokoni nakaa nacho nusu saa na majalada manne: Watu, Nyumba, Kazi, Yanayosubiri. Nakusihi usianze na kumi na mbili. Jalada likinenepa, ligawe wakati huo.

Risiti za mashine nazitoa siku hiyohiyo, hazingoji Jumamosi. Karatasi yake haina wino. Imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na mashine huandika kwa kuichoma kidogo kidogo. Ndiyo maana ukiiacha kwenye dashibodi ya gari juani huweza kuwa nyeusi yote, na ukiiweka dirishani maandishi hufifia. Hata yale mafaili laini ya plastiki, ambayo watu huyaona salama, mengine huyafuta maandishi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye biashara atunze kumbukumbu zake miaka 5 au zaidi. Risiti ya namna hii, kwa joto la Dar, inaweza kuwa tupu kabla hata ya mwaka wa pili. Nimeshika mikononi mwangu bunda zima la risiti nyeupe pe, na mwenye duka amekaa mbele yangu ananitazama. Kwa hiyo toa kopi kwenye karatasi ya kawaida, bana risiti nyuma yake, na piga picha kwa simu ukiipa jina lenye tarehe na duka.

Jambo la mwisho nililolichukua masjala ni dogo, lakini ndilo lililoleta amani. Jalada likitoka, mahali pake panabaki kadi yenye jina la aliyelichukua na tarehe. Nyumbani tunatumia vipande vya maboksi ya dawa ya meno. Wiki iliyopita nilifungua jalada la Watu kutafuta cheti cha kuzaliwa, nikakuta kipande chenye mwandiko wa penseli wa yule yule binti: "Cheti changu. Kachukua baba. Jumanne. Anapeleka shule kutoa kopi." Nilimpigia baba yake. Kilikuwa kwenye begi lake, kimetulia.