"Nimekaa ofisini miaka minne, mbona sisajiliwi?"

Swali hilo wahitimu wa usanifu majengo wameniletea mara nyingi mno, hadi sasa kabla hawajalimaliza najua nitakachokikuta kwenye daftari la kazi: michoro, michoro, jedwali la milango na madirisha, halafu michoro tena. Wameaminishwa kwamba leseni hufuata miaka. Kaa, vumilia, zamu yako itafika.

Haifiki. Bodi ya usajili haipimi muda uliokalia kiti. Inataka kujua ulifanya nini ndani ya muda huo, na chini ya usimamizi wa nani. Tazama utaratibu wa Marekani, ambako mambo yamewekwa wazi kwa tarakimu. Mhitimu anatakiwa kufikisha saa 3,740 za mafunzo kazini. Kwa anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, hiyo haitimizi hata miaka miwili. Ila saa zenyewe zimegawanywa mafungu sita: 1,520 za michoro ya utekelezaji na nyaraka zake, 1,080 za usanifu, 360 za usimamizi wa mradi, 360 za hatua ya ujenzi na tathmini, 260 za kuchambua mahitaji ya mteja na kiwanja, na 160 za uendeshaji wa ofisi. Ziada ya fungu moja haifidii pengo la jingine. Unaweza kuchora miaka kumi na bado ukadaiwa zile 360 za ujenzi. Kwingineko hesabu ni tofauti, pengine ni miezi badala ya saa, lakini mtahini anatafuta pengo lile lile.

Na hulipata haraka, kwa maswali machache tu. Umewahi kukaa kwenye kikao cha saiti? Mvua ikisimamisha kazi wiki mbili, mkataba unasema hasara ni ya nani? Kwa nini sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiwa hadi kasoro zirekebishwe? Aliyechora tu hujibu kwa maneno ya darasani, na huhitaji kuwa mtahini mkongwe kumtambua.

Ofisi nazo zina lawama yao. Kijana mwenye mkono mwepesi kwenye kompyuta ana faida kubwa akiachwa pale pale, kwa hiyo ataachwa pale pale. Ushauri wangu, na nitaurudia hadi nichoke: omba kazi ya kuandika kumbukumbu za vikao vya saiti. Hakuna anayeipenda, kwa hiyo hutanyimwa. Ukiandika kumbukumbu huna budi kuelewa nani ameagiza badiliko, nani atalilipia, na ucheleweshaji umetoka kwa mkandarasi au kwa mchoro wenu wenyewe. Kila baada ya miezi mitatu, chukua orodha ya mahitaji ya bodi yako, kaa na msimamizi, mtie alama pamoja palipo patupu. Daftari lijazwe kila Ijumaa. Wanaosubiri mwaka uishe hawakumbuki, wanatunga. Huko Marekani, saa zikipitisha miezi minane bila kuripotiwa, unahesabiwa nusu yake tu.

Dhana ya pili: "bosi wangu ndiye mlezi wangu." Bosi ni msimamizi. Anathibitisha saa zako, na ana tarehe ya kukabidhi michoro inayomkosesha usingizi. Mlezi wa kitaaluma ni mtu asiye na maslahi na tarehe hiyo, na ndiyo maana napendelea atoke nje ya ofisi: utamwambia nani pale ndani kwamba unafikiria kuhama? Lakini usimwendee na "naomba unisaidie." Nenda na mchoro uliokataliwa, au kipengele cha mkataba usichokielewa. Wanaolalamika kwamba walezi wamewatelekeza, wengi wao hawakuwahi kuuliza swali linalojibika.

"Nina shahada, kwa hiyo mimi ni msanifu majengo." Kanusheni hili nyumbani kwanza, kabla mjomba hajakuchapishia kadi za biashara zenye cheo hicho. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1997, kufanya biashara kwa cheo hicho bila kuwa kwenye rejista ni kosa, hata uwe na shahada mbili.

"Mtihani unapima kipaji." Kwa sehemu kubwa unapima kama umma utakuwa salama mikononi mwako: njia za kutokea moto ukiwaka, mikataba, maadili, wajibu wako kwa mteja. Kuna wasanifu hodari walioanguka kwa sababu walidharau sura ya mikataba.

"Tadao Ando, yule msanifu wa Kijapani, alijifunza mwenyewe." Ni kweli, na mwaka 1995 akapata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani. Wewe lete daftari.

Nawageukia wenye ofisi, maana nao wana yao: "nikimgharamia apate leseni, ataondoka." Huenda. Asiyeona njia ya kupanda ataondoka pia, tena mapema, na ofisi yenye msanifu mmoja tu mwenye mhuri wa kuidhinisha michoro hukwama siku mwenye mhuri anapolazwa. Mpeni siku za kusoma kabla ya mtihani, na kikao kijacho cha saiti aende yeye pamoja nanyi, hata kama seti ya michoro itachelewa hadi jioni.