Solingen sio jina la kampuni: tunavyodanganyana kuhusu visu vya zamani vya kukunja

Jumamosi asubuhi pale Ngamiani, hapa Tanga, kuna mzee huwa anatandika turubai lake chini, anapanga spana, kufuli zisizo na funguo, vijiko vya bati, na pembeni anaweka kopo la maziwa ya unga limejaa visu vya kukunja vya zamani. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, chagua, kimoja elfu tatu. Mie hapo naweza kuchutama saa nzima. Sasa juzi kaja kijana mwingine kachutama kando yangu, kaokota kimoja, kakigeuza geuza, akanambia kaka hii ni kampuni ya Solingen, modeli ya Rostfrei, Mjerumani alikiacha hapa Tanga vita ya kwanza. Nikakiomba nikakitazama. Kimeandikwa kweli Solingen, Rostfrei, West Germany. Maneno yapo matatu na yote matatu kayasoma sivyo, na simlaumu hata kidogo manake ndivyo tulivyoambiwa wote, na huko sokoni watu wanauziana visu kwa maneno hayohayo.

Tuanze na hilo la Solingen. Solingen ni mji, uko Ujerumani upande wa magharibi sio mbali na Düsseldorf, na kwa karne nyingi kazi ya mji ule ni vitu vya makali, visu, mikasi, nyembe, panga za vita. Viwanda na karakana zilikuwa mamia, kila mmoja na chapa yake. Jina lenyewe linalindwa kisheria tangu 1938, huruhusiwi kuliandika kwenye kisu kama hakikutengenezwa eneo lile. Kwahiyo ukisema kisu changu ni Solingen ni sawa na kusema khanga yangu ya Mombasa, umetaja mji, mwenye kazi bado hujamtaja. Sheffield hivyohivyo, ni mji wa Uingereza. Thiers ni mji wa Ufaransa. Rostfrei nayo ni Kijerumani tu, maana yake hakishiki kutu, kama vile Mwingereza anavyoandika stainless na Mfaransa au Mswisi anaandika inox. Nimeona mtu anatafuta historia ya "kampuni ya Inox" wiki nzima jamani.

Na hiyo West Germany ndo inamaliza ubishi wa vita. Nchi yenye jina hilo imekuwepo 1949 mpaka 1990, vita ya Tanga ilipiganwa Novemba 1914 pale Waingereza walipokuja na jeshi kutoka India wakashindwa na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hao watu wangekiachaje kisu cha nchi ambayo haijazaliwa? Kuna dhana hapa kwetu kwamba kila chuma cha zamani ukikiokota basi ni cha Mjerumani, na naelewa inatoka wapi, tuna reli yao, tuna majengo yao, makaburi ya askari yapo, ila visu vingi vya kwenye makopo ni vya miaka ya hamsini kuja juu, vimekuja na mabaharia na wafanyakazi wa mashamba ya mkonge na maduka ya hadwea. Hata bila jina la nchi, ukiona neno stainless kwenye bapa jua hakiwezi kuwa na umri kabla ya 1913, ndo mwaka chuma cha aina hiyo kilipoanza Sheffield. Ukiona skrubu yenye msalaba ujue ni baada ya 1930 na kitu, labda kama kuna fundi kaja kuibadilisha.

Sasa aliyekitengeneza unampataje. Fungua kisu, angalia shina la bapa, pale chini kabisa linapoingia kwenye mpini, mbele na nyuma, ndo wenyewe hupiga mhuri hapo. Mara nyingi picha inasema kuliko maandishi kwasababu soko lao lilikuwa la dunia nzima na wateja wengi walikuwa hawasomi, mtu anaambiwa lete kile cha paka. Paka anayeruka na maandishi K55K ni Mercator, kisu cha bati jeusi cha Kaufmann wa Solingen. Mkono wenye taji juu ni Opinel, Mfaransa wa Savoie alieanza 1890, na ule mkono aliusajili 1909. Mapacha wawili ni Henckels. Mti ni Böker. Nyota na msalaba ni Joseph Rodgers wa Sheffield. Jifunze picha kumi tu, utashangaa.

Namba nazo zinawapoteza wengi. K55K watu wanasema ni kisu cha 1955. Hapana, sio mwaka, na zile K wanazieleza kuwa ni Kaufmann na Katze, yani paka kwa kijerumani. Opinel namba 8 sio mwaka wala daraja la ubora, ni saizi, bapa lake lina sentimita 8 na nusu hivi. Na kuna yule aliyetaka kuniuzia kisu cha Henckels kwa laki mbili ati kina miaka karibu mia tatu kwasababu kimeandikwa 1731, huo ni mwaka kampuni ilipoanza, bado wanauandika mpaka leo. Mwaka wa kweli utaupata kwenye visu vya jeshi la Uingereza, vile vizito vyenye mpini mweusi wa vyumba vyumba, kifungulia kopo na msumari mnene wa kufumulia kamba, hivyo vina mshale wa serikali yao na mara nyingi mwaka chini yake. Kimeandikwa 1943, basi ni 1943. Amerika kampuni ya Case tangu 1970 waliweka nukta kumi chini ya jina wakawa wanapunguza moja kila mwaka, kwahiyo unahesabu tu, raha iliyoje.

Kingine, eti kisu kisichoandikwa nchi ni cha kale zaidi. Hii ina ukweli nusu. Kuanzia 1891 sheria ya Marekani ilidai bidhaa zinazoingia kwao ziandikwe zimetoka nchi gani, kwahiyo Germany au England kwenye shina inakusaidia kujua kwamba huenda ni baada ya hapo. Lakini kisu kilichotengenezwa kuuzwa nyumbani kwao hakikuhitaji hayo maandishi, kwahiyo kukosekana kwa nchi peke yake hakuthibitishi kitu.

Halafu jina lenyewe lililoandikwa linaweza kuwa la duka. Wenye maduka makubwa waliagiza visu kiwandani vikapigwa jina la duka, kiwanda hakitajwi popote. Na chapa inauzwa kama shamba linavyouzwa. Mfano mzuri ni Hammer Brand, mkono ulioshika nyundo. Kwanza ilikuwa ya New York Knife Company, visu vya mifupa vya maana kabisa, wakafunga 1931, na 1936 chapa ikanunuliwa na Imperial wa Providence, Rhode Island, wakaipiga kwenye visu vya bei chee. Nyundo ileile, mafundi tofauti kabisa, kwahiyo ukiona chapa usikimbilie jina, tazama na mwili wa kisu, mpini umeungwaje, umeshikwa na ribiti au umebanwa tu, ndani kuna shaba au bati.

Na hapo ndo kuna dhana inayoniuma zaidi. Kwamba kisu chepesi chenye mpini wa bati lililokunjwa ni feki. Wallahi visu vingapi vimetupwa kwa neno hilo! Imperial walianza 1916, Colonial wakafuata 1926 mjini hukohuko Providence, na ujuzi wao ulikuwa huo, badala ya kutoboa na kupiga ribiti kila mpini wanachukua bati jembamba lililofunikwa kwa seluloidi, plastiki ya kizamani, ya rangi wanalibana juu ya fremu, ndani kunabaki uwazi, kisu kinakuwa chepesi na rahisi mno kutengeneza, mtoto wa shule ananunua kwa pesa ya mfukoni. Richards wa Sheffield wenye alama ya nguzo ya taa walifanya vilevile, vya picha picha. Huo ni uhandisi, mtu alikaa akafikiria maskini naye apate kisu. Mie ninavyo kumi na moja vya namna hiyo na navipenda kuliko vile vizito.

Kuna na hichi tunachokijua wote, Okapi. Mpini wa mbao, mwezi mchanga na nyota za chuma zimepachikwa, pete mgongoni, ukikifungua kinalia krr krr krr. Nimesikia ati ni kisu cha Waarabu kwasababu ya mwezi na nyota, na wengine wanasema ni cha Makaburu tangu mwanzo. Okapi ilianza 1902 Ujerumani, hukohuko Solingen, na ilianzishwa makusudi kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, ikiwemo hii pwani yetu, jina wakachukua la yule mnyama wa Kongo ambae wanasayansi wa Ulaya walikuwa ndo kwanza wamemtambua 1901. Uzalishaji umehamia Afrika Kusini 1988. Kwahiyo cha Waarabu sio, ila wa Makaburu wana kipande cha ukweli, inategemea umeshika cha lini, geuza usome, kama imeandikwa Germany umeshika cha kabla ya kuhama. Mie cha marehemu babu kimeandikwa hivyo, mbao imelika pale kidole gumba kilipokuwa kinakaa, akimenyea machungwa ya Muheza nasie watoto tumemzunguka. Sikiuzi hata kwa nini.

Tuje kwenye kusafisha maana hapa ndo mauaji yanatokea. Watu wanaamini kisu kikin'gaa thamani inapanda. Nilikuwa na kimoja cha Sheffield, maandishi yamefifia nusu, nikampelekea fundi wa kunoa wa baiskeli anitie makali, nimerudi kakin'arisha chote kwenye jiwe mpaka kwenye shina, kanikabidhi kwa furaha kabisa na kazi yake safi. Mhuri haupo. Mpaka leo sijui kilikuwa cha nani na sitakuja kujua. Ule weusi wa kijivu kwenye chuma cha kaboni, yani kile kisicho stainless, sio uchafu, chuma chenyewe kimezeeka na unakisaidia hata kisile kutu haraka. Kutu ni ile nyekundu inayotoka unga, hiyo unaitoa kwa mafuta na kitambaa, taratibu, siku mbili tatu, ikigoma unakwangua kwa kipande cha shaba laini. Msasa weka mbali. Kusoma mhuri uliofifia sugua chaki ya shule juu yake halafu futa kidogo, unga unabaki kwenye herufi, washa tochi ya simu kwa ubavu sio kwa juu, piga picha uikuze. Herufi zinajitokeza zenyewe.

Mafuta ya kula nayo hapana, yanaganda kwenye springi kisu kinakuwa kizito kama kimetiwa gundi, tumia ya cherehani, tone moja kwenye bawaba. Na sie wa Tanga tuna upepo wa chumvi kwahiyo usikihifadhi kwenye ala ya ngozi, ngozi inavuta unyevu na ina dawa za kutengenezea zinazokula chuma. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya usivitupe.

Seluloidi nimeigusa juu, ila ina jambo lake. Mipini ile ya rangi za kuvutia, mingine kama lulu, ikizeeka inaweza kuanza kuoza, inatoa hewa yenye tindikali, na hiyo hewa inakula chuma cha kisu chenyewe na cha jirani zake boksini. Ukiona kimoja kimeota kutu ghafla na mpini una nyufa ndogondogo, kitenge peke yake, mahali penye hewa. Na ule ushauri wa kuchoma mpini kwa sindano ya moto kujua kama ni mfupa, usiuthubutu, seluloidi inashika moto vibaya sana. Mfupa unautambua kwa macho, una vitundu vidogo vyeusi kama vya sindano, plastiki haina.

Pembe za ndovu fupi tu. Ati kisu cha zamani chenye mpini wa pembe ni halali kwasababu ndovu alikufa zamani. Kwa sheria yetu hiyo ni nyara ya serikali, kukutwa nayo bila kibali ni kosa, umri wa kisu haukuokoi. Ukikutana nacho sokoni kiache.

La mwisho ni hili la kwamba kisu kisicho na chapa hakina mwenyewe. Kwenye kopo la yule mzee nilitoa kimoja, bapa limekatwa kwenye msumeno wa zamani, bado unaona vijino upande wa mgongo, mpini wa mpingo, ribiti za aluminiamu zimegongwa kwa pigo tatu tatu, jina hakuna popote. Nikamuuliza mzee hiki nacho elfu tatu? Akakichukua, akakifungua, akapitisha kidole kwenye zile ribiti, akakaa kimya kidogo. Akasema hii mikono ya marehemu kaka yangu, alikuwa akigonga hivi, karakana yake ilikuwa Makorora. Akakifuta kwa kanzu, akakitia mfukoni, akanambia chagua kingine mwanangu.