Eti majani hayana kemikali?

Sokoni Kibuye, Kisumu, utasikia: "Dawa ya Kichina ni majani tu, haina kemikali." Kwani sumu haioti shambani? Mapema miaka ya 1990, mjini Brussels, Ubelgiji, wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo kwa vidonge vya kupunguza uzito: mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umebadilishwa kimakosa na mwingine wenye asidi ya aristolokia, sumu ya figo.

Mwenye kisukari ana jingine la kuangalia. Vidonge vya Xiaoke, maarufu China, vina glibenklamidi, dawa ileile ya hospitali ya kushusha sukari. Ukivimeza juu ya ile ya kliniki, sukari hushuka mno. Figo zikiwa dhaifu, dawa hukawia mwilini. Beba chupa yenyewe kliniki, maana lebo ya Kichina hata muuzaji huenda haisomi.